Nimefunga blaindi za blakauti madirisha ya magharibi, chumba kimezidi joto. Tatizo ni kitambaa, fundi au nyumba?

#1 Mwanakigamboni
Wakuu salaam. Nipo Kigamboni, nyumba yangu, nimehamia mwaka jana. Vyumba viwili vinatazama magharibi na jua la jioni linatutesa. Saa mbili usiku ukijilaza godoro bado lina moto, utadhani limetoka kuanikwa. Nikajikusanya, nikaagiza blaindi za rola, zinazojiviringisha kwenye bomba, zile za blakauti zisizopitisha mwanga, madirisha manne, zikatwe kwa kipimo cha madirisha yangu. Zimefungwa Jumamosi iliyopita.

Giza nimelipata, ubaridi sijaupata. Saa kumi na moja jioni ukiingia mle ni kama umefungua jiko la mikate. Mke wangu anasema pazia zetu za zamani zilikuwa na nafuu, na mimi sina la kumjibu.

La pili, blaindi moja kati ya nne haikuingia kwenye nafasi yake, imezidi kama upana wa kidole. Fundi anasema dukani wamekosea. Dukani wanasema wamekata kilichoandikwa.

La tatu, sebuleni bado sijaagiza. Kuna madirisha mawili makubwa, moja kaskazini, moja mashariki. Mama watoto anataka zebra, zile blaindi za mistari. Nisaidieni kabla sijatoa hela tena.

#2 Kobe_Mwendapole
Pole mkuu. Taja rangi ya kitambaa upande unaotazama kioo, na kama chumba kina dari. Bila hivyo tutakupigia ramli tu.

#3 FundiPimaMaji
Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na mbili sasa, Dar na Bagamoyo. Naanza na hilo la kipimo, maana ndilo linalogombanisha watu kila siku.

Dirisha halipimwi mara moja. Upana unapimwa juu, katikati na chini, unachukua ulio mdogo kuliko yote. Urefu hivyo hivyo, kushoto, katikati, kulia. Halafu unapima kona kwa kona, msalaba. Zikipishana, ujue mwashi aliacha dirisha limepinda, na blaindi ya kukaa ndani ya nafasi itakusumbua. Nyumba zetu nyingi lipu ya pembeni mwa dirisha imenenepa upande mmoja, kwa macho huioni.

Ukishapata ule upana mdogo, unapunguza kama sentimita 1 ili breketi, vile vishikio vya bomba, zipumue. Na ujue kitambaa chenyewe ni chembamba kuliko breketi kwa breketi, kitaacha mwanya wa sentimita moja na nusu hadi mbili kila upande. Mwanga unapita hapo. Anayetaka giza kamili asifunge ndani ya nafasi, afunge ukutani juu ya dirisha na kitambaa kizidi dirisha sentimita 10 hadi 15 kila upande.

Mkuu, nitumie picha ya ile karatasi ya vipimo. Nina hisia najua kilichotokea.

#4 Mhandisi_Mstaafu
Mimi naomba nijibu la joto. Blaindi ya ndani inafanya kazi ikiwa imechelewa. Kioo kinapitisha miale ya jua, miale inapiga kitambaa, kitambaa kinapata moto, na joto la kitambaa halitoki kupitia kioo kirahisi kama miale ilivyoingia. Kwa hiyo umeweka hita yenye ukubwa wa dirisha ndani ya chumba chako. Kivuli cha maana ni kile kinacholizuia jua kabla halijagusa kioo: kibaraza, mti, vibao vya nje, hata mkeka.

#5 MamaPacha
Mhandisi shikamoo. Hiyo ya kioo ninakubali nusu. Mimi nakaa Mbezi Beach, dirisha langu la magharibi lina blaindi ya ndani ya miaka mingi na chumba hakichemki. Tofauti ni kwamba siishushi yote. Naacha chini kama shubiri mbili.

Upepo wetu wa pwani unatoka upande wa bahari, kusi inatoka kusini mashariki, kaskazi inatoka kaskazini mashariki. Kwa hiyo dirisha la magharibi ndilo tundu la kutokea upepo. Mwanakigamboni ameziba tundu la kutokea, upepo hauingii tena hata madirisha ya mbele yakiwa wazi. Pazia la kitambaa chepesi linapeperuka, hewa inapita. Rola ya blakauti ni kama umepigilia ubao. Mke wako yuko sahihi kaka, msikilize.

#6 Ngosha_wa_Ziwa
Mnazunguka mbuyu. Joto la chumba cha kulala jioni linatoka juu, siyo dirishani. Mabati yamekula jua tangu saa tatu asubuhi, joto limejaa juu ya dari, saa kumi na moja ndiyo linashuka. Nilifunga pazia nzito nyumba ya kupanga Mwanza, hakuna kilichobadilika. Tulipopachika matundu ya hewa kwenye kofia za paa pande zote mbili ndiyo tukalala.

#7 Mwanakigamboni
Asanteni. Majibu: kitambaa ni kahawia iliyoiva, mbele na nyuma rangi moja. Dari ni jipsam, mabati ya rangi ya maruni. Matundu ya hewa kwenye paa hayapo. Madirisha ni alumini ya kuslaidi, yana nyavu, nondo ziko kwa nje. Blaindi zimefungwa ndani ya nafasi ya dirisha.

Karatasi ya vipimo ninayo. Dirisha lililogoma limeandikwa "upana 5.3 ft".

#8 FundiPimaMaji
Nilijua! Hapo ndipo penyewe.

Fundi alisoma futi yake ni futi 5 na inchi 3. Akaandika 5.3. Wa dukani akaingiza kwenye kikokotoo futi 5 nukta 3. Piga hesabu: futi 5 na inchi 3 ni inchi 63, sawa na milimita 1600. Futi 5 nukta 3 ni milimita 1615. Umepata milimita 15 za ziada, ndicho kidole chako. Na kama angepunguza ile sentimita ya kupumua ingetakiwa ikatwe 1590.

Hakuna aliyeiba. Ila kuanzia leo ukiagiza blaindi andika milimita tu, namba nzima, bila nukta, na uandike "ndani ya nafasi" au "juu ya ukuta", na mnyororo ukae kushoto au kulia. Upana unaanza, urefu unafuata. Nimeona mtu ameletewa dirisha la 1200 kwa 1500 limegeuzwa.

#9 Wakili_wa_Mtaa
Hakuna aliyeiba, sawa, lakini nani analipa? Kwangu mimi aliyepima ndiye anayebeba. Fundi akitoka dukani kuja kupima, kosa ni la duka. Fundi ukimleta wewe mwenyewe, kosa ni lenu wawili. Mkuu fundi ulimtoa wapi?

#10 Mwanakigamboni
Nilimtoa mtaani. Ndiye aliyenifungia bomba za pazia mwanzo.

#11 Wakili_wa_Mtaa
Basi lipa wewe na fundi nusu kwa nusu. Ila rola inaweza kupunguzwa, bomba la juu na kitambaa vinakatwa upya. Kuzidi ni heri. Ingepungua, ungeitafutia dirisha.

#12 BintiMakunduchi
Mie natoka Unguja, nimewasoma wote. Nyumba ya bibi yangu Mji Mkongwe ukuta wa mawe mnene hata mtoto anakaa kwenye kingo za dirisha na miguu hainingʼinii. Dirisha la mbao, na ndani ya bawa la dirisha mna vibao vimelazwa kwa mshazari. Upepo unaingia, jua halioni njia, na wapita njia chini hawakuoni hata ukisimama hapo hapo. Mchana wa kaskazi, mwezi wa pili, unalala chini sakafuni bila feni.

Sasa tazameni: vibao vile viko nje ya chumba kama asemavyo Mhandisi, na vinapitisha hewa kama asemavyo MamaPacha. Wazee walimaliza maneno haya zamani, sisi tumekuja kuweka kioo kikubwa halafu tunatafuta kitambaa cha kukificha.

#13 Mhandisi_Mstaafu
Marahaba MamaPacha. BintiMakunduchi umesema kweli tupu, na ukuta ule mnene nao una kazi yake, unachelewesha joto mpaka usiku. Tofali la inchi 6 halina subira hiyo.

#14 Kobe_Mwendapole
Kahawia iliyoiva pande zote mbili! Mimi nasimama hapo. Rola nzuri ya blakauti ina nyuma nyeupe au ya fedha, inarudisha jua nje kupitia kioo kabla halijawa joto. Ya kwako inameza kila kitu. Weka kiganja kwenye kitambaa saa kumi na moja, utajua.

#15 Ngosha_wa_Ziwa
Na weka kiganja darini pia, halafu urudi hapa.

#16 Kijana_wa_Ilazo
Nipo Dodoma. Huku vita yetu ni vumbi. Nilifunga zile za vibao vya kulala, za alumini, jikoni na sebuleni, nikavutiwa na zinavyogeuka. Miezi sita ya kiangazi kila kibao kina tabaka la vumbi jekundu, vibao arobaini kwa dirisha, unafuta kimoja kimoja kwa soksi iliyoloa umevaa mkononi. Sasa nina rola tu. Unashusha, unafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo juu hadi chini, dakika mbili umemaliza. Msifue blaindi usiyoisafisha mwenyewe.

#17 MamaPacha
Rola nayo isifuliwe na kukamuliwa kama pazia. Ile povu ya nyuma ikikunjwa inapasuka, unaona vinyota vya mwanga. Jirani yangu aliitia kwenye mashine ya kufulia. Ilitoka imechanika povu lote, akabaki na kitambaa cha kuchujia tui.

#18 Salim_wa_Tandika
Hili la sebuleni limesahaulika. Zebra mimi ninazo. Ni kitambaa kimoja kinachozunguka mara mbili, mistari mizito na mistari myepesi. Ukivuta mnyororo kidogo mistari myepesi inapangana, mwanga unaingia; ukivuta tena mizito inaziba myepesi. Zinapendeza, sikatai. Lakini usiku taa ikiwaka ndani, usidhani uko peke yako. Mizito inaziba myepesi kwa sentimita chache tu, na ukisimama barabarani unaona kivuli cha mtu anavyopita sebuleni. Zile nyingine za skrini, zenye vitundu, ndiyo kabisa: mchana wewe unaona nje, usiku nje wanakuona wewe.

Kabla ya kununua omba kipande cha sampuli. Kipeleke nyumbani, usiku mtu ashike tochi nyuma yake, wewe simama mita tano. Mchana kishike dirishani saa ile jua linapokuwa kali. Sampuli ya dukani chini ya taa nyeupe haikwambii kitu.

#19 Nairobi_Kwa_Sasa
Habari zenu. Huku Nairobi baridi ya Julai inatufundisha kinyume. Watu wanatoka sokoni Eastleigh na pazia nzito na shia, ile pazia nyepesi, ndani yake, dirisha linafunikwa mara mbili, nyumba inashika joto. Blaindi tumeachia ofisi na jikoni. Mwanakigamboni, mbona usirudishe pazia za zamani juu ya hizo rola? Shia mchana, rola usiku.

#20 Mwanakigamboni
Nairobi, bomba za pazia bado zipo ukutani, wazo lako nimelichukua. Salim nimekuelewa. Dirisha la mashariki liko barabarani kabisa, zebra hapo naiondoa. Ila la kaskazini linatazama ukuta wa jirani. Hilo je, linahitaji kitu cha kuzuia jua? Naambiwa sisi jua la mchana liko utosini mwaka mzima.

#21 Mhandisi_Mstaafu
Hilo la utosini naomba tulisahihishe. Dar iko karibu nyuzi 6.8 kusini ya ikweta. Jua la adhuhuri linakupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Katikati ya tarehe hizo, yaani Machi hadi Oktoba, jua la mchana liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Mwezi Juni linakuwa nyuzi kama 60 kutoka upeo wa macho, Desemba nyuzi kama 73 upande wa pili.

Sasa chukua kibaraza cha sentimita 60 juu ya dirisha. Kwa jua la adhuhuri la Juni dirishani kaskazini, kibaraza hicho kinatia kivuli zaidi ya mita 1 kwenda chini. Dirisha la mita 1.2 limekaribia kufunikwa lote. Lakini jua la magharibi saa kumi na moja jioni liko chini, nyuzi kama 20. Kibaraza kile kile kinakupa kivuli cha sentimita 22. Ndiyo maana nasema kaskazini jenga kibaraza, uweke chochote ukipendacho, hata zebra ya mama watoto. Magharibi na mashariki kibaraza hakikusaidii, panataka kitu cha kusimama wima, na kikae nje.

#22 Salim_wa_Tandika
Mhandisi hizo nyuzi umezitoa kichwani? Heshima yako mzee.

#23 Mtaa_wa_Chumvi
Mnaongelea vitambaa, hakuna aliyetaja chumvi. Kigamboni, Kunduchi, Tanga mjini, mnyororo wa shanga za chuma cha kawaida unaota kutu mwaka wa kwanza, unaacha alama za kahawia ukutani, halafu unakwama kwenye gia yake. Chukua wa plastiki au wa chuma kisichoshika kutu. Breketi nazo zikague kwa sumaku. Na dirisha linalolia maji asubuhi likigusana na kitambaa, mtaona ukungu wa doadoa jeusi.

#24 Mama_Leicester
Nawasalimu kutoka Uingereza. Mnyororo umetajwa mara tatu na sijasikia mtu anataja watoto, moyo wangu umeshtuka. Huku tangu 2014 kanuni ni kali: mnyororo usishuke chini ya mita 1.5 kutoka sakafuni, au ukazwe ukutani kwa kifaa chake ili usiwe kitanzi kinachoningʼinia. Fundi haruhusiwi kuondoka hajakifunga. Marekani nako kiwango cha blaindi za kukatwa kwa kipimo kimekazwa tangu Juni 2024, na tume yao ya usalama wa bidhaa inasema wastani wa watoto 9 walio chini ya miaka 5 hufa kila mwaka kwa nyuzi za madirishani. Mtoto anapanda kitandani, anacheza na shanga, anateleza. Hakuna kelele yoyote.

Mwanakigamboni, kitanda cha mtoto kiko wapi?

#25 Mwanakigamboni
Dada, nimesoma ujumbe wako nikiwa kazini, nikapiga simu nyumbani palepale. Kitanda cha mdogo, ana miaka miwili, kiko chini ya dirisha la magharibi na mnyororo unafika kwenye mto. Mke ameufunga fundo juu kwa sasa. Fundi hakuniambia, na kwenye boksi kweli kulikuwa na vidude vinne vya plastiki vyenye tundu la skrubu, nilidhani ni vya akiba.

#26 FundiPimaMaji
Ndivyo hivyo. Vinafungwa ukutani, mnyororo unapita ndani, unavutwa mpaka ukaze. Kitanda kihamishe pia. Wafungaji wengi tunaviacha kwenye boksi, na mimi miaka ya mwanzo niliviacha. Sitetei.

#27 Mgeni_wa_Kibaha
Naomba kujua, kutoboa juu ya dirisha mnatumia nini? Mimi nataka kufunga ukutani kama alivyosema fundi #3. Nimetoboa juzi na drili ya kuazima, sentimita ya kwanza inaingia kama siagi, halafu inagoma. Biti imegeuka bluu, tundu halisogei.

#28 FundiPimaMaji
Siagi hiyo ni lipu. Baada ya lipu umekutana na linta. Juu ya kila dirisha pana zege lenye nondo, na nyumba nyingi linta ni mkanda unaozunguka nyumba nzima, kwa hiyo hata ukisogea pembeni unakutana nao. Drili ya kawaida inazunguka tu, haigongi. Tafuta drili ya nyundo, biti ya milimita 6 ya zege, mpya. Bonyeza kwa uzito wa mwili, toa vumbi kila sentimita moja, pumzisha biti. Ukisikia mlio umebadilika, kama chuma kwa chuma, hiyo ni nondo. Usishindane nayo, sogea sentimita 2 au 3.

La muhimu: plagi ya plastiki ipite lipu izame kwenye zege au tofali. Skrubu iliyoshika lipu peke yake itadumu mpaka siku mtoto atakapovuta. Na kabla ya kutoboa angalia swichi na soketi zilipo, waya hupanda wima kutoka hapo. Breketi ya pili weka kwa pima maji, usipime kutoka darini. Dari zetu zinadanganya.

#29 Mgeni_wa_Kibaha
Shukrani. Na yangu ya jikoni inajiviringisha ikienda upande, kitambaa kinajikusanya kushoto mpaka kinasugua breketi.

#30 Kobe_Mwendapole
Bandika kipande cha selotepu kwenye bomba upande wa kulia, kabla kitambaa hakijaanza kujiviringisha. Kinanenepesha bomba upande ule, kitambaa kinarudi.

#31 Salim_wa_Tandika
Mimi nilibandika kushoto ndiyo ikarudi.

#32 FundiPimaMaji
Anza na pima maji kabla ya selotepu. Mara nyingi breketi moja iko chini. Kama bomba liko sawa, basi kitambaa kilibandikwa kimepinda, au dirisha ni pana na bomba ni jembamba, linajikunja katikati kama mbeleko. Hilo la mwisho selotepu haliponyi, linataka bomba nene au ugawe dirisha blaindi mbili. Selotepu bandika kipande kidogo, shusha na pandisha mara tatu. Ikizidi, hamisha upande wa pili.

#33 Kijana_wa_Ilazo
Turudi kwenye uzi. Hakuna aliyesema tinti. Karatasi ya tinti kwenye kioo si inazuia jua kabla ya chumba?

#34 Mhandisi_Mstaafu
Inasaidia, hasa ile inayoakisi. Lakini inapunguza mwanga mwaka mzima, hata siku ya mvua, na kioo chenyewe kinapata moto. Na ukifungua dirisha la kuslaidi nusu, nusu ile haina tinti.

#35 BintiMakunduchi
Mbona mnapita pembeni ya mkeka? Chukua mkeka wa ukindu, mpana, utundike nje kwenye nondo kwa kamba, usibane na kioo, uache kama kiganja hewa ipite. Jioni jua likizama unaukunja. Makunduchi tunafanya barazani miaka yote. Mvua ikija unauingiza.

#36 Mwanakigamboni
Nimeamua tupime badala ya kubishana. Vyumba viwili, madirisha sawa, magharibi yote. Chumba cha kwanza nimetundika mkeka nje na rola nimeishusha nusu. Cha pili rola peke yake, imeshuka yote. Nimenunua vipimajoto viwili vya ukutani, kwanza nimeviweka meza moja usiku mzima kuona kama vinakubaliana. Vinapishana nusu nyuzi tu.

Jana saa kumi na moja: chumba cha mkeka 31, chumba cha rola peke yake 34. Kiganja nimeweka kama mlivyosema. Kitambaa cha chumba cha pili kilikuwa cha moto, mkono haukai. Dari nayo ilikuwa ya moto, vyumba vyote viwili, sawasawa.

#37 Kobe_Mwendapole
Umeona? Kitambaa.

#38 Ngosha_wa_Ziwa
Nimeona 31. Nyuzi 31 chumbani na mkeka juu ya dirisha, hizo zinatoka wapi kama siyo darini?

#39 MamaPacha
Na umebadilisha vitu viwili kwa pamoja kaka. Mkeka umeweka, na rola umeinua nusu. Upepo umerudi. Utajuaje ni kipi?

#40 Wakili_wa_Mtaa
Chumba cha pili kiko kona ya nyumba? Kama kina kuta mbili za nje, kimeonewa toka mwanzo.

#41 Mwanakigamboni
Kiko kona, ndiyo. Hilo sikuliwaza. Basi navibadilisha, mkeka unahamia cha pili. MamaPacha, safari hii rola zote mbili nazipandisha nusu ili tofauti ibaki mkeka tu. Ya matundu ya paa nimempigia fundi wa kupaua, anakuja wiki ijayo kuangalia kofia.

Na ile blaindi iliyozidi imerudi leo imekatwa 1590, imeingia bila kusukumwa. Fundi amechangia nusu bila maneno, tukafunga vile vidude vinne pamoja, kitanda cha mtoto tumekipeleka ukuta wa pili.

#42 Mama_Leicester
Asante kwa hilo la kitanda. Hiyo tu ilinitosha.

#43 Mtaa_wa_Chumvi
Mkeka wa ukindu nje na hewa ya bahari utadumu muda gani kabla haujaoza?

#44 BintiMakunduchi
Ukiukunja kila usiku na kuuanika ukilowa, unakaa. Ukiusahau mvua za masika, andaa mwingine.

#45 Mwanakigamboni
Mkeka nimeshauhamisha jioni hii. Vipimajoto nimeviweka juu ya kabati vyumba vyote, mbali na dirisha. Mawingu yakitawanyika kesho, saa kumi na moja naandika hapa.